Jinsi ya kufungua na kuendesha chumba cha mafumbo: mwongozo kamili kwa anayeanzia Dar es Salaam

Watu wawili hadi sita wanaingia kwenye chumba kilichojengwa kama mahali pa hadithi fulani. Wanapewa dakika 60. Ndani wanatafuta funguo, namba na ishara, wanafungua kufuli moja baada ya jingine, mpaka wakamilishe kazi waliyopewa na kutoka. Mchezo huu kwa sura yake ya leo ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, chini ya Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP. Mwaka 2011 Attila Gyurkovics alifungua ParaPark mjini Budapest, na ndani ya miaka michache mji ule ukajaa vyumba vya namna hiyo, vingi vikiwa chini ya majengo ya zamani, na makufuli yake ni yale yale ya dukani.

Kabla hujauliza bei ya fremu, elewa jambo moja, kwa sababu uamuzi wako wote utatoka hapo: mteja haingii chumba kile kile mara mbili. Mgahawa una mteja wa kila Jumamosi. Saluni ina mteja wa kila mwezi. Wewe unayo saa moja tu na kila mtu, na akishajua majibu hana sababu ya kurudi kwenye chumba hicho. Kwa hiyo saa hiyo lazima iende sawa, na hesabu zako lazima zikubali kwamba kila chumba kina siku yake ya kuchoka.

Anza na hesabu

Mchezo wa dakika 60 unakula dakika 90 za siku yako: kuna kupokea wageni na kuwapa maelezo, kisha kurudisha kila kitu mahali pake. Ukifungua saa 4 asubuhi hadi saa 3 usiku, chumba kimoja kinabeba michezo saba kwa siku. Usipige hesabu kwa hiyo saba. Katikati ya wiki utakuwa mtupu, na watu watamiminika Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili.

Chukua mfano huu, kisha weka namba za mtaa wako. Michezo 15 kwa wiki, wastani wa watu wanne, kila mmoja shilingi 25,000. Hiyo ni shilingi 1,500,000 kwa wiki, sawa na 6,000,000 kwa wiki nne. Toa kodi ya pango 1,500,000, mishahara ya vijana watatu pamoja na michango ya NSSF na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), 1,660,000, umeme na intaneti 350,000, matengenezo 250,000, matangazo 300,000. Matumizi ni 4,060,000, na kinachobaki kabla ya kodi ya serikali ni 1,940,000. Kama ujenzi ulikula milioni 25, mtaji unarudi baada ya miezi 13 hivi. Lakini michezo ikishuka hadi 10 kwa wiki, unaingiza 4,000,000 na tayari umeingia hasara.

Sasa tazama upande ambao wengi hawauhesabu. Michezo 15 ya watu wanne ni watu 60 kila wiki, zaidi ya 3,000 kwa mwaka, na wote lazima wawe wapya. Je, ndani ya mwendo wa nusu saa kutoka kwako wako watu 3,000 wenye shilingi 25,000 ya burudani ambao hawajacheza? Dar es Salaam wapo, Nairobi wapo, Arusha na Unguja utawaongezea watalii. Mji mdogo utakumaliza kabla mwaka haujaisha, hata chumba kiwe kizuri kiasi gani. Huko tengeneza mchezo wa kubebeka.

Naushauri mchezo huo hata kwa mtu wa Dar. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka, tengeneza sanduku moja la mbao lenye makufuli manne au matano na hadithi fupi ya dakika 30. Lipeleke kwenye sherehe za kuzaliwa, vikao vya vijana wa kanisani, ofisi za marafiki. Utaona kwa macho yako wapi watu hukwama, wanagombania nini, na kama kweli wako tayari kulipa. Sanduku lisipopendwa, hasara yako ni mbao na makufuli tu.

Fremu na karatasi

Tafuta nafasi ya mita za mraba 60 hadi 80 hivi: chumba cha mchezo chenye 25 au 30, sebule ya kungojea, kijichumba cha kamera, choo, na nafasi ya chumba cha pili baadaye. Ghorofa ya chini au ya kwanza inatosha. Kelele za jirani ziangalie mapema, maana wachezaji hupiga makelele ya furaha na baa ya jirani nayo ina spika zake. Kiyoyozi si anasa. Watu sita wanaohangaika ndani ya chumba kisicho na dirisha, Januari ya Dar, wataomba kutoka kabla ya dakika ya 20.

Kwenye mkataba wa pango andika wazi kwamba unaruhusiwa kujenga kuta za ndani na kuziondoa, na kwamba ukihama vitu vyako vyote ni vyako. Dalali atakuambia maneno ya mdomo yanatosha. Hayatoshi.

Karatasi si nyingi ukizipanga. Jina la biashara au kampuni unasajili BRELA kwa mtandao ukiwa na namba ya NIDA. TIN unachukua TRA. Leseni ya biashara unaomba halmashauri. Mahali pa kazi panasajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Zanzibar utaanza na BPRA kwa usajili na ZRA kwa kodi, na Kenya ni eCitizen kwa usajili, KRA kwa kodi na kibali cha kaunti. Ukifunga kamera, na lazima utafunga, unakusanya picha za watu, hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: bandika tangazo mlangoni, eleza picha zinahifadhiwa kwa muda gani, na usirushe ya mtu mtandaoni bila ridhaa yake.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nimeliacha mwisho kwa makusudi. Waombe waje kukagua ukiwa bado na mchoro wa penseli, siku za kwanza kabisa, ili wakikuambia mlango wa pili unahitajika uwe bado hujasimamisha ukuta.

Mlango

Tarehe 4 Januari 2019, mjini Koszalin, Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao kwenye chumba cha aina hii. Gesi ilivuja kutoka kwenye hita iliyokuwa upande wa mapokezi, moto ukalipuka, na wao hawakuweza kuufungua mlango kwa ndani. Wote watano walikufa kwa moshi wenye sumu. Baadaye serikali ya Poland ilikagua vyumba nchi nzima na kufunga baadhi.

Kila anayefungua biashara hii anapaswa kuwafahamu mabinti wale kabla hajanunua kufuli lake la kwanza. Mlango walioingilia wachezaji haufungwi. Kamwe. Uwe na kitasa cha kawaida upande wa ndani, kinachofunguka kwa kusukuma, bila ufunguo, bila umeme, bila kungoja mfanyakazi. Waambie kabla ya kuanza kwamba mlango ule uko wazi muda wote na anayetaka kutoka atoke. Hapo utauliza: sasa mchezo uko wapi? Mchezo uko kwenye kazi wanayoikamilisha, na mtu aliyenogewa hatazami kitasa. Lango la mwisho la hadithi linaweza kuwa lango jingine kabisa, la maonyesho, lililo ndani ya chumba.

Kufuli la sumaku linashika pale tu umeme unapokuwepo na huachia ukikatika, ndiyo maana wauzaji husema ni salama kwa mlango wa kutokea. Mimi silipendekezi hata hapo. Waya ukiungwa vibaya, au betri ikiendelea kulisha wakati moshi umeshajaa, umerudi Koszalin. Sumaku zibaki kwenye makabati na masanduku ya mchezo.

Mengine yanafuata mlango: taa ya dharura yenye betri yake, vitambua moshi ndani ya chumba na mapokezi, kizima moto cha unga na cha kaboni daioksaidi kwa ajili ya vifaa vya umeme, njia ya kutoka isiyowekwa viti wala maboksi. Usitumie mshumaa, kibatari wala jiko, hata kwa picha ya dakika moja. Sponji na mapazia mepesi ya plastiki yasipambe ukuta, kwa kuwa huwaka haraka na moshi wake ni mbaya. Namba 114 ya Zimamoto iandikwe kwa herufi kubwa karibu na kamera.

Hadithi kwanza, makufuli baadaye

Wengi huanza na gereza, hospitali yenye mizimu au muuaji wa filamu. Ruhusa ni yako, lakini nakuomba utazame nyumbani kwanza, kwa sababu hadithi tulizo nazo ni tajiri na hakuna mshindani wa ng'ambo atakayezijua kama wewe.

Chukua meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku na kuletwa Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kuungwa upya. Ilishushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi walipaka kwanza mitambo yake grisi nene ili siku moja iweze kufufuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya.

Tayari una chumba. Mwaka ni 1924, wachezaji ni mafundi, na wana saa moja kuiwasha injini iliyolala ziwani miaka minane. Ukuta mmoja una masanduku ya mizigo yenye namba za vipande. Orodha ya bandarini inataja vyote, ila vitatu havipo, na namba za hivyo vitatu ndizo zinazofungua droo ya nahodha. Ndani ya droo kuna daftari lenye saa za Kizungu, na ukutani iko saa inayosomwa kwa Kiswahili: saa 8 ya nahodha ni saa 2 ya fundi wa Kigoma. Juu ya sanduku kuna bao la mashimo 32, mistari minne ya manane. Kete zikipangwa kama mchoro wa fundi, mashimo yaliyobaki matupu yanasomeka kama tarakimu. Mwishoni kuna vali nne pembe nne za chumba. Zote zikishazungushwa, taa zinawaka, spika inanguruma, sakafu inatikisika kidogo kwa mota ndogo iliyofichwa chini ya mbao, na lango la chumba cha injini linafunguka.

Zingatia vali hizo. Kama zingetaka kushikwa zote kwa pamoja, kikundi cha watu wawili kingeshindwa bila kosa lake. Ziache zikishazungushwa zikae hapo hapo. Sanifu kila fumbo kwa kikundi kidogo kabisa utakachokipokea.

Fumbo zuri hufanya kazi kama kitendawili: jibu likishatajwa, kila mmoja anaona lilikuwa mbele ya macho yake. Mchezaji asihitaji kujua kemia, historia wala Biblia ili afungue droo; kila anachohitaji kiwe chumbani. Saa ya Kiswahili haimsumbui mtu wa Mbagala, lakini mtalii anahitaji picha ndogo ukutani inayoonyesha saa mbili kando kwa kando. Kila ishara itumike mara moja tu. Kitu kisicho cha mchezo, kama soketi au kiyoyozi, kibandike alama ambayo umeshawaonyesha kabla ya kuingia, la sivyo watakifungua. Na fumbo likitatuliwa, chumba kijibu papo hapo kwa mlio, taa au mlango wa kabati, ili wasikae wanabishana kama wamepata au bado.

Kufuli la tarakimu tatu lina namba 1,000. Kijana mwenye subira, namba moja kila sekunde, analimaliza kwa dakika zisizofika 17 bila kufikiri lolote. La tarakimu nne lina 10,000, nalo halijaribiki. Changanya aina: la namba, la herufi, la ufunguo, la alama, ili jibu moja lisijaribiwe kwenye kila kitu kilichomo.

Kwa dakika 60 na watu watano, mafumbo 10 hadi 12 yanatosha. Yasiwe yote kwenye mstari mmoja, kwa sababu wawili watafanya kazi na watatu watasimama. Fungua kwa fumbo moja jepesi la kuwapa moyo, kisha yagawanyike njia mbili au tatu zinazokwenda kwa wakati mmoja, halafu yakutane tena mwishoni ili wote washuhudie ushindi pamoja.

Ujenzi

Fundi seremala wa Keko atakutengenezea makabati na masanduku imara kuliko chochote utakachoagiza nje, mradi umpe mchoro wenye vipimo na umweleze kwamba vitu hivi vitavutwa na kubamizwa na watu wapya kila siku. Skrubu ndefu, bawaba nzito, gundi ya kutosha. Pembe zote zilainishwe kwa msasa.

Kuhusu elektroniki, uwe mkali kwa nafsi yako. Chumba cha kwanza kiwe na robo tatu ya mafumbo ya mkono na makufuli ya kawaida. Yanayobaki ndiyo yaendeshwe na bodi ndogo kama Arduino, swichi za sumaku na visomaji vya kadi, vitu vinavyopatikana Kariakoo au kwa kuagiza. Waya wa volti 230 usifike popote ambapo mkono wa mchezaji unafika. Ndani ya chumba iwe volti 12 tu. Weka inverta na betri kwa ajili ya mchezo, kwa sababu umeme ukipepesa nusu sekunde, makabati yote ya sumaku yatafunguka kwa pamoja na mchezo wa watu umeisha. Na kila kabati la umeme liwe na njia ya fundi kulifungua kwa mkono kutoka nyuma.

Nunua kila kitu kidogo mara mbili. Funguo, tarakimu za karatasi, kete, tochi: vitapotea au kuvunjika Jumamosi saa 11 jioni, na kikundi kingine kiko sebuleni.

Majaribio

Kabla ya kujenga, cheza mchezo mzima mezani kwa karatasi na bahasha. Baada ya kujenga, ingiza vikundi vya majaribio bila malipo, na usichukue marafiki zako peke yao. Tafuta wanafunzi wa chuo, familia yenye watoto, wazee wa mtaa, watu wa ofisini. Kaa kwenye kamera na daftari, andika kila fumbo lilichukua dakika ngapi, na ufunge mdomo. Vikundi vitatu mfululizo vikikwama sehemu ile ile, tatizo ni la fumbo. Lengo langu ni karibu nusu ya vikundi watoke kabla ya muda, na wanaoshindwa washindwe wakiwa kwenye fumbo la mwisho. Aliyekwama dakika ya 25 na kukaa hapo mpaka mwisho hawezi kumsifia mwenzake chumba chako.

Kijana aliye kwenye kamera

Hapa ndipo vyumba vizuri hufa. Mmiliki anatumia mamilioni kwenye ujenzi, kisha anamweka mbele ya kamera mtu asiyejali, anayechezea simu. Mwongoza mchezo ni nusu ya kile mteja anachokilipia. Tafuta mtu anayependa watu, mwenye sauti ya kusimulia, mwepesi wa kusoma nyuso. Ni yeye anayejua kwamba kikundi hiki kinataka kuachwa kihangaike, na kile kina mama mkwe na watoto wanaohitaji kushikwa mkono.

Kidokezo kitolewe kupitia spika au skrini, kwa sauti ya mhusika wa hadithi, na kielekeze jicho kabla ya kutaja jibu. “Fundi, hebu tazameni tena orodha ya mizigo” inatosha kwanza. Kikundi kikikaa kama dakika tano bila hatua yoyote, kisaidiwe hata kama hakijaomba, maana wanaume wazima wengi wataona aibu kuomba.

Maelezo ya mwanzo yasizidi dakika tano: mlango uko wazi, hakuna kitu kinachohitaji nguvu, hakuna kupanda juu ya chochote, vyenye alama usiguse, ukijisikia vibaya pungia kamera. Mjamzito, mwenye pumu au anayeogopa kufungiwa aulizwe kwa heshima na faraghani.

Kila mchezo ukiisha, chumba kirudishwe kwa orodha iliyoandikwa, kitu kwa kitu, na kila kufuli lifunguliwe na kufungwa kwa mkono kabla ya wageni wapya kuingia. Kumbukumbu haitoshi. Ufunguo mmoja ulioachwa mfukoni unawanyang'anya watu watano saa yao, na hawana nyingine na wewe. Ikitokea, rudisha pesa yote bila kubishana.

Wateja

Pokea oda kwa WhatsApp, dai nusu ya malipo kwa Lipa Namba ili nafasi ishikwe, na mwambie mteja afike dakika 15 kabla. Ukiishi na foleni za Dar utaelewa. Weka bei moja kwa mtu, lakini kuwe na kima cha chini kwa kikundi, kwa sababu wawili wanachukua chumba sawa na sita.

Tangazo lako kubwa ni picha ya mwisho: kikundi kimesimama, kimeshika bango lenye dakika walizotumia. Wapige picha hiyo bure, watumie pale pale, na wao wataisambaza. Picha za ndani ya mafumbo usirushe.

Siku za katikati ya wiki ni za ofisi na shule. Maofisa rasilimali watu wanatafuta shughuli ya kuunganisha timu ambayo haihitaji safari ya Bagamoyo; wapelekee barua yenye bei, muda na idadi, na sanduku lako la kubebeka liwashughulikie wale wasioenea chumbani. Mwezi wa Ramadhani mchana utakuwa kimya, kwa hiyo funga asubuhi, fungua baada ya futari hadi usiku, na uutumie mchana kupaka rangi upya.

Chumba cha pili

Kuanzia mwezi wa kwanza wa biashara weka akiba ya chumba cha pili, na anza kukijenga ukiwa bado unajaa, karibu mwezi wa nane au wa tisa. Kila aliyetoka chumba cha kwanza akiwa na furaha aache namba yake kwa hiari. Siku cha pili kinafunguka, hao ndio watu wa kwanza kupigiwa, na kwa mara ya kwanza utakuwa na wateja wanaorudi.

Chumba cha kwanza kikishuka chini ya michezo mitano kwa wiki kwa miezi miwili mfululizo huku cha pili kikijaa, kifunge. Kuta, taa, kamera na makabati vinabaki. Hadithi na mafumbo vinabadilika. Seti nzima ya zamani unaweza kumuuzia mtu anayeanza Mwanza au Dodoma, pamoja na michoro, orodha ya kurudishia na lile daftari la dakika za majaribio.